Mradi upi wa baiskeli uufanye majira ya baridi? Ulinganisho

Majira ya baridi yakifika, barabara hujaa matope na chumvi ya kuyeyushia barafu, giza huingia mapema, na baiskeli nyingi huishia kuning'inizwa ukutani. Hapo ndipo mwenye baiskeli anapoanza kupanga: safari hii napaka fremu rangi, naunda magurudumu mapya, naifufua ile kuukuu iliyo stoo, nabadili giya. Mipango yote inapendeza ikiwa bado kichwani. Shida ni kwamba wengi wetu tunachagua kwa kuwazia baiskeli itakavyong'aa mwishoni, hatuulizi itakuwaje katikati ya kazi.

Kipimo changu cha kwanza ni hicho cha katikati ya kazi. Ukikwama njiani, baiskeli itabaki katika hali gani? Na kukwama kupo tu: spana maalumu haijafika, kipuri kimekuja cha saizi nyingine, shughuli za nyumbani zimekubana. Ipo miradi unayoweza kuiacha nusu kwa mwezi mzima na bado ukatoka na baiskeli yako siku jua likichomoza. Ipo mingine ambayo ukishalegeza nati ya kwanza tu, huna usafiri tena hadi umalize. Kipimo cha pili ni hali ya hewa yenyewe, maana kuna kazi zinazochukia baridi na unyevu. Ajabu ni kwamba kazi hizo ndizo watu wanazozipanga kwa majira haya.

Kufungua beringi au kuunda gurudumu?

Hii miwili ndiyo inayostahili kushindanishwa kwa dhati. Yote inafanyika ndani ya nyumba, haina harufu kali, haihitaji mashine, na inamwacha mtu na ujuzi unaodumu.

Kufungua beringi ni kazi ya mtu mwenye baiskeli moja. Sehemu zinazozunguka ni chache: habu mbili (vitovu vya magurudumu), shingo ya usukani, ekseli ya kati na pedali. Kila moja unaifungua jioni, unaisafisha, unaitia grisi mpya na kuifunga kabla ya kulala. Ukichoka baada ya habu ya mbele, hakuna kilichoharibika. Iliyobaki itakungoja wikiendi nyingine.

Chukua habu ya nyuma. Toa gurudumu, legeza nati ya kufungia, na koni, ile nati iliyochongoka inayokandamiza gololi, itatoka kwa vidole. Kabla ya kuvuta ekseli, tandika kitambaa cheupe chini, kwa sababu gololi hazina adabu: moja ikidondoka utaitafuta chini ya kabati usiku kucha. Kwa kawaida habu ya nyuma hubeba gololi 9 za robo inchi kila upande, na ya mbele gololi 10 za inchi 3/16. Zihesabu zinapotoka, usingoje kukisia wakati wa kuzirudisha. Kisha itazame grisi. Ikiwa bado ina rangi yake ya awali, umewahi. Ikiwa imegeuka kijivu chenye mng'ao, ule mng'ao ni chuma kilichosagika. Ikiwa ni ya kahawia na imekuwa nyepesi, maji yameshaingia.

Pangusa koni, isogeze kwenye taa na uizungushe polepole. Mahali gololi zinapopita panatakiwa paonekane kama mstari mmoja uliosuguliwa. Ukiona kishimo, hata kiwe kidogo kama ncha ya sindano, koni hiyo imekwisha na grisi haitaifufua. Koni mpya inauzwa, lakini kikombe kilichomo ndani ya habu mara nyingi hakibadilishwi, na kikiliwa ndiyo habu nzima imekwenda. Kwa sababu hiyo, habu inayocheza haifai kuachwa hivyo hadi mwaka ujao. Gololi nazo zibadilishe zote kwa mpigo. Ukichanganya mpya na za zamani, zile zilizo kubwa hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho ndizo zitakazobeba mzigo wote.

Kufunga ndiko kunakotaka subira. Koni ikibana sana, gurudumu linazunguka kwa kukwaruza, ikilegea, linacheza kushoto na kulia. Kwenye gurudumu linalobanwa na ule mkono wa kufungua haraka kuna jambo la kuzingatia: mkono ukifungwa huibana ekseli na kuifupisha kidogo sana. Kwa hiyo koni iachwe na mchezo mdogo gurudumu likiwa mkononi, mchezo ambao utapotea likishafungwa kwenye fremu. Anayekaza mpaka hakuna mchezo akiwa mezani anaziumiza beringi zake bila kujua.

Ekseli ya kati na pedali zina mtego wa hesi. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda, kinyume na bolti nyingi. Kwenye ekseli ya kati ya mfumo wa Kiingereza, ambao ndio umeenea, kikombe cha kulia chenye cheni ndicho chenye hesi ya kinyume. Kwenye mfumo wa Kiitaliano pande zote mbili zina hesi ya kawaida. Pima upana wa bomba lile la fremu kabla hujatumia nguvu: milimita 68 au 73 kwa kawaida ni ya Kiingereza, 70 ni ya Kiitaliano. Vikombe vingi vimeharibiwa na watu wenye nguvu waliokuwa wakikaza wakidhani wanafungua.

Kama baiskeli yako ni ya kisasa, mradi huu unasinyaa. Beringi huwa zimefungwa kabisa ndani ya kifuniko, hakuna gololi za kuhesabu. Unaingiza kidole, unazungusha, na ukisikia mkwaruzo unaing'oa na kuingiza nyingine yenye namba ileile iliyoandikwa pembeni, kama vile 6902. Ni kazi ya saa moja hivi. Mwenye baiskeli ya aina hii aruke moja kwa moja kwenye gurudumu.

Kuunda gurudumu kwa mkono kuna sifa ambayo mradi mwingine wowote hapa hauna: unafanyika pembeni ya baiskeli. Gurudumu la zamani linabaki mahali pake huku jipya likikua taratibu mezani. Habu imefika lakini rimu bado? Hakuna neno. Umezifunga spoku zote kisha ukapata udhuru wa wiki tatu? Utazikuta vilevile. Kwa kipimo changu cha kukwama njiani, hapa mshindi ni gurudumu, tena kwa mbali.

Watu wanauogopa mradi huu kwa sababu ya hesabu ya urefu wa spoku. Siku hizi hesabu yenyewe inafanywa na programu. Unachotakiwa ni kuilisha vipimo sahihi, na kipimo kinachowaangusha wengi ni kipenyo cha rimu pale nati za spoku zinapokaa. Usitegemee namba ya kwenye kibandiko. Chukua spoku mbili kuukuu, zikate upande wa kiwiko, yaani ule uliopinda, zibaki na urefu wa milimita 200 kamili hadi kwenye ncha yenye hesi, zifunge nati mpaka ncha ya spoku iwe sawa na sakafu ya mfereji wa bisibisi, kisha zipitishe kwenye matundu mawili yanayotazamana na uzivute kuelekea katikati. Pima pengo lililobaki kati ya ncha ulizokata, jumlisha 400, na hicho ndicho kipenyo chako. Rudia sehemu tatu za rimu ili uone kama ni duara kweli.

Kusuka spoku kwenyewe ni rahisi kuliko kunavyoonekana. Kwa gurudumu la spoku 32 au 36, mtindo uliozoeleka ni kila spoku kukatiza nyingine tatu. Mbili za kwanza inapita upande mmoja, na ile ya tatu, iliyo karibu na rimu, inapita upande wa pili ili zishikane. Weka spoku ya kwanza jirani na tundu la valvu na uhakikishe zile mbili zinazopakana na valvu zinakwenda sambamba, la sivyo kila ukijaza upepo utapigana na kichwa cha pampu. Paka hesi mafuta kidogo, mengi ya kitani yanafaa sana, ili nati izunguke bila kuisokota spoku.

Kisha kinakuja kile kipande kinachowafanya watu waupende mradi huu. Spana ya spoku lazima iendane na nati. Kuna za milimita 3.23 na za 3.45, na ukitumia kubwa kwenye ndogo utazimaliza pembe zake. Mzunguko mmoja mzima wa nati husogeza spoku karibu milimita 0.45, kwa hiyo baada ya mwanzo unafanya kazi kwa nusu mzunguko, robo, na mwishoni vipande vya robo. Kama huna stendi, geuza baiskeli miguu juu, funga vifungio viwili vya plastiki kwenye foku, na ukate ncha zake zikaribie rimu pande zote mbili. Unazungusha gurudumu polepole na kusikiliza. Tss, hapo limegusa kulia. Unakaza spoku ya kushoto robo, unalegeza ya kulia robo, unazungusha tena. Mchezo wa chini ya nusu milimita unatosha kabisa kwa breki za rimu, na wenye breki za diski wanaweza kuwa wapole zaidi na nafsi zao.

Gongagonga spoku kwa ukucha. Za upande mmoja zikitoa sauti inayokaribiana, mkazo wake unakaribiana pia. Inayotoa sauti ya chini imelegea, na spoku iliyolegea ndiyo hukatika mapema, hasa kwenye kiwiko, kwa sababu kila mzunguko inapakiwa na kupakuliwa mzigo hadi chuma kichoke. Kwenye gurudumu la nyuma la giya nyingi usishangae ukikuta za kushoto zina mkazo mdogo kuliko za kulia: rimu imesogezwa kulia ili ikae katikati ya fremu, kwa hiyo za kushoto zinalala zaidi na hazihitaji kuvuta sana. Karibu na mwisho, shika spoku zinazokwenda sambamba mbilimbili na uzibane kwa nguvu ya kiganja, gurudumu zima, pande zote mbili. Utasikia vimlio vidogo. Ni viwiko vinavyokaa sawasawa kwenye habu. Nyoosha tena, bana tena, mpaka ibaki kimya.

Kuhakikisha rimu iko katikati hakuhitaji kifaa pia. Ligeuze gurudumu ndani ya foku, kushoto kuwe kulia. Rimu ikikaa palepale, ni sawa. Ikihama, nusu ya ile tofauti ndiyo unayotakiwa kuirekebisha.

Uamuzi wangu ni huu. Mwenye baiskeli moja yenye gololi aanze na beringi, maana ni matengenezo ambayo baiskeli inayadai hata hivyo. Mwenye beringi nzima, au mwenye baiskeli ya pili, aunde gurudumu. Na anayeunda kwa mara ya kwanza aanze na la mbele la breki za rimu: pande zake zinalingana, spoku ni za urefu mmoja, na hakuna habari ya kusogeza rimu pembeni.

Tukiwa bado hapa, kuna kazi ndogo inayopandikizwa juu ya gurudumu bila gharama kubwa ya muda: taa za dainamo. Ukiwa unaunda gurudumu la mbele hata hivyo, habu ya dainamo inasukwa kama nyingine yoyote. Ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3, inatosha taa ya mbele na ya nyuma, na haitakukumbusha kuchaji. Kwa anayesafiri gizani ndilo gurudumu la kwanza ningemshauri alisuke. Kununua habu hiyo baadaye ni kuvunja gurudumu ulilokwishalimaliza.

Rangi: ya kupuliza, ya unga, au uiache?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Kupaka fremu rangi kunasikika kama mradi halisi wa majira ya baridi, kumbe majira haya ndiyo adui wake. Makopo mengi ya rangi ya kupuliza yanataka joto lisilopungua nyuzi 10 hivi na hewa kavu. Hewa ikiwa na unyevu, vanishi hupauka na kuwa na utandu mweupe. Ukijifungia ndani upate joto, mvuke wa rangi unakujaa kifuani. Ukifungua dirisha upumue, joto limeondoka. Hakuna ujanja wa kulikwepa hilo ila kuwa na chumba chenye joto na kipumulio cha kutoa hewa, na wachache wetu tunacho. Vanishi zenye vijenzi viwili ndizo ngumu kuliko zote, lakini zina isosianeti inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haizuii kitu.

Kisha angalia baiskeli itakavyokuwa katikati ya kazi: vipande vitupu. Kila kipuri kimetoka, kuanzia waya wa breki hadi vikombe vya shingo. Fremu inapigwa msasa, inapakwa praima, inasubiriwa, inasuguliwa, inapakwa tena. Rangi ikishakauka ukiigusa bado si ngumu ndani, na ukiharakisha kufunga vipuri utaacha alama ya kila kibano. Kama fremu ni ya zamani sana, rangi yake huenda ina risasi, kwa hiyo isugue ikiwa na maji, wala usiisugue kavu.

Rangi ya unga inakwepa sehemu kubwa ya mateso haya kwa sababu huifanyi wewe. Fremu inapelekwa kwa wenye tanuri, inapulizwa unga na kuokwa kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi. Inarudi na ganda gumu linalostahimili mawe kuliko la kopo. Chuma kilichochomelewa hakijali joto hilo. Lakini fremu zilizounganishwa kwa gundi, mfano aluminiamu za zamani kama Vitus 979, zisikaribie tanuri, na kaboni vivyo hivyo. Fremu ya kaboni itafutiwe mtu anayejua kaboni.

Ukipeleka kwenye unga, kazi yako ya baridi ni kuvua na kuvika, na kuhakikisha hesi za ekseli ya kati na mahali vikombe vya shingo vinapokaa pamezibwa. Unga ukiingia humo, utautoa kwa machozi. Ukikazania kopo, tumia majira ya baridi kuvua, kung'oa kutu na kujaza mikwaruzo, halafu rangi yenyewe isubiri hewa ikipata joto. Na kama rangi ya sasa imechubuka tu bila kutu kusambaa, gusa zile sehemu kwa brashi ndogo, paka nta, na uache. Binafsi baiskeli iliyochubuka kwa kutumika naipenda kuliko iliyopakwa kopo vibaya.

Kuifufua ya zamani

Huu ndio mradi unaomeza majira ya baridi mawili ukidhani ni moja. Naupenda, lakini usiingie bila baiskeli nyingine ya kupanda, na usiingie kabla ya kufanya majaribio mawili yanayochukua nusu saa.

La kwanza: je, nguzo ya siti inatoka? Nguzo ya aluminiamu ndani ya fremu ya chuma hushikana kwa kutu inayozalishwa na metali mbili zinapokutana na maji, na ikikaa miaka inakuwa kitu kimoja na fremu. Hapa baridi, kwa mara ya nadra, inakusaidia. Aluminiamu hujikunja kwa baridi karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo usiku wa barafu huongeza pengo, ingawa ni sehemu ya mia ya milimita tu. Mimina mafuta ya kupenyeza siku kadhaa, iache fremu nje usiku, asubuhi bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa na uizungushe fremu yenyewe kama usukani mkubwa. Kuichoma fremu na nguzo yote kwa moto ndilo kosa, maana aluminiamu hupanuka zaidi na kuzidi kubana. Nguzo ikikataa kabisa, jua kwamba umeshaupata mradi mwingine ndani ya mradi.

La pili: magurudumu ni ya saizi gani? Maandishi ya inchi yanadanganya, soma namba ya milimita kwenye ubavu wa tairi. Inchi 27 ni milimita 630, wakati 700C ya leo ni 622, na baiskeli nyingi nzito za zamani zenye breki za vyuma zina 635. Kuhama kutoka 630 kwenda 622 kunashusha rimu milimita 4 kutoka kwenye breki. Breki zenye nafasi ya kushuka zitafika, zisizo nayo hazitafika, na ni heri ulijue hilo kabla hujanunua rimu. Ukiipenda saizi ya zamani, hakikisha kwanza tairi zake bado zinapatikana.

Mikono ya pedali iliyofungwa kwa kabari nayo ina tabia yake. Kabari hugongwa itoke, lakini mkono wa pedali uegemezwe chini kwenye bomba au gogo, la sivyo pigo lote linaishia kwenye gololi za ekseli. Kabari ya zamani ihesabu imekufa. Nunua mpya, na pima kipenyo, kwa sababu kuna za milimita 9 na 9.5.

Faida ya mradi huu ni kwamba unafundisha yote mengine: beringi, gurudumu, kutu, hata rangi. Hasara yake ni ileile. Kila kitu kimeoza kwa pamoja, na kila kipuri kina vipimo ambavyo viwanda viliviacha zamani. Mtu ambaye hajawahi kufungua habu hata moja asianzie hapa. Afanye beringi za baiskeli yake nzima kwanza, ajue sehemu iliyo sawa inavyosikika mkononi, ndipo atajua iliyokufa.

Giya moja, au giya nyingi zaidi?

Kugeuza baiskeli ya giya nyingi kuwa ya giya moja ni kazi nyepesi inayoondoa vitu vingi kuliko inavyoongeza, na inafaa baiskeli ya kupigania matope: hakuna kidereva cha nyuma, kile kinachohamisha cheni kati ya giya, cha kujaa uchafu. Sharti la kwanza ni fremu. Nafasi za kushikia ekseli zikiwa za mlalo, unavuta gurudumu nyuma mpaka cheni inakaza. Zikiwa za wima, utahitaji kikaza cheni, na hapo nusu ya urembo umepotea. Sharti la pili ni cheni kunyooka: giya ya mbele na ya nyuma ziwe kwenye mstari mmoja, vinginevyo itakwaruza na kuchomoka. Friwili ya zamani inayofungwa kwenye habu kwa hesi nayo ina ukaidi, kwa sababu kila ulipokanyaga pedali ulikuwa ukiikaza. Toa kwa kifaa chake kilichobanwa kwenye jiliwa, kabla hujakata spoku za gurudumu unalotaka kulitupa. Habu ikibaki peke yake hutakuwa na kitu cha kushikia.

Kuongeza giya ni kinyume chake. Upana wa nyuma wa fremu umebadilika kwa miaka: milimita 120, 126, 130, 135. Fremu ya chuma inaweza kupanuliwa kwa uangalifu, ya aluminiamu na kaboni isijaribiwe. Baada ya upana kuna kilio cha vipuri visivyoelewana, kwa sababu kila kizazi cha giya kinavuta waya kwa kiasi chake. Ni mradi wa kununua zaidi kuliko wa mikono, nami nauweka mwisho.

Ukiwa na wiki mbili tu

Si kila mtu ana majira mazima. Kwa wiki mbili, anza na cheni. Vipande 12 vizima vya cheni mpya, yaani inchi 12, ni milimita 304.8. Vikifika 306.3, imevutika kwa nusu asilimia, na kwenye giya 11 au 12 hapo ndipo pa kuibadilisha. Za giya chache zinaweza kuvumilia hadi karibu 307. Ukiichelewesha cheni, itakula meno ya giya zote, na meno hayo ni ghali kuliko cheni yenyewe.

Kisha rimu, kwa wenye breki za rimu. Pitisha kidole kwenye ukuta wake: ukisikia umebonyea, breki zimeula. Nyingi zina kishimo au mfereji wa kuonyesha uchakavu, na ukishapotea, rimu haina maisha. Hili lifanyike hata kabla ya kupanga mradi mkubwa, kwa sababu jibu linaweza kukuchagulia: rimu iliyokwisha kwenye habu nzima ni gurudumu linalosubiri kusukwa, na vipimo vya kuagizia spoku unavyo papo hapo mezani.

Waya za breki na giya zibadilishwe pamoja na maganda yake ikiwa unasikia zinakwama. Maganda yenye kutu ndani huila waya mpya mapema. Mwenye breki za diski zinazotumia mafuta asome kwenye mkono wa breki ni mafuta gani kabla hajamimina: za maji ya DOT na za mafuta ya madini hazichanganyiki, na ukikosea, mipira ya ndani huvimba. Wenye subira wanaweza pia kuihamisha cheni kwenye nta ya moto, mradi waioshe kwanza itoke grisi yote ya kiwandani, hata iliyo ndani ya pini. Nta haishiki juu ya mafuta, na chungu cha nta kisiachwe jikoni bila mtu.

Ukiagiza spoku, nunua mbili za akiba kwa kila urefu na uandike urefu huo kwenye kipande cha tepu ndani ya rimu. Vipuri agiza mapema, kabla siku hazijaanza kurefuka, kwa sababu kila aliyening'iniza baiskeli atamkumbuka fundi wiki ileile ya jua la kwanza.